Washenga Wawili wa Digidigi

Wanangu, kuna hadithi imesimama mlangoni, inapiga hodi. Mwasemaje?

— Karibu.

Imekuja na uongo wake kwapani. Iingie nao?

— Iingie nao, mradi utamu usibaki nje.

Basi hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakiposa kama sisi, Digidigi wa bondeni alimpenda binti wa Digidigi wa mlimani. Alimpenda hata majani yakamshinda kumeza. Lakini watu wa mlimani walikuwa na lugha yao, na bondeni hakuna aliyeisema. Tena walikuwa na desturi: posa ni mara tatu tu. Ya tatu ikiharibika, mlango umefungwa, na binti ataozwa kwingine.

"Nitafutieni mshenga," Digidigi akalia, "la sivyo nitakufa."

Nungunungu akajitolea. Yeye alikuwa mtu wa kanuni. Alimwendea Kobe, aliyewahi kupita mlimani ujanani, akamwambia, "Mzee, nipe kanuni za lugha yao, moja moja." Kila kanuni akaifungia uzi kwenye mwiba wake. Wakisema hivi, maana yake hivi. Wakiuliza hivi, jibu hivi. Mgongo ukajaa nyuzi tele, naye akatembea kifua mbele.

Chiriku akamcheka. "Lugha haifungwi kwa uzi, kaka." Yeye akaruka hadi mlimani, akakaa juu ya mapaa ya majiko mwezi mzima, akisikiliza. Alisikia wakisalimiana, wakigombana, wakibembeleza watoto. Kanuni hakushika hata moja. Ukimuuliza, "Kwa nini umesema hivyo?" hujibu, "Sijui. Limekuja lenyewe."

Posa ya kwanza akaenda Nungunungu. Akabisha hodi, akasalimu bila kosa. Baba wa binti akamtazama, akasema, "Nyumba hii haina binti."

Nungunungu akapapasa miiba yake. Haina, maana yake hakuna. Akashukuru, akaaga, akarudi bondeni. "Mmenituma bure," akasema. "Binti hayupo."

Kumbe binti alikuwa nyuma ya mlango, anachungulia. Mlimani baba hakubali kwamba ana binti mpaka abembelezwe; ndiyo heshima yao. Chiriku alipomweleza hayo, Nungunungu aliona aibu, miiba yote ikalala.

Posa ya pili akaenda Chiriku.

"Nyumba hii haina binti," akasema mzee.

"Basi tutakaa barazani mpaka azaliwe, baba. Hatuna haraka."

Nyumba nzima ikaangua kicheko. Mkeka ukatandikwa, na Chiriku akanogewa. Mzee naye akaona amjaribu, akamuuliza mambo ambayo hayajapata kuulizwa mlimani.

"Bwana harusi atahamia kwetu?"

"Naam, baba."

"Na mama yake atatuchotea maji maisha yake yote?"

"Naam, baba."

Kule juu ya paa, Chiriku alikuwa amesikia "naam, baba" zaidi kuliko neno lingine lolote, kwa hiyo ndilo lililomjia.

Mama Digidigi alipopata habari alishika kiuno. "Mimi nikachote maji? Mwambieni huyo ndege, nikimkamata ataingia mchuzini." Ikabidi maneno yarudishwe mlimani, na posa ikavunjika. Ikabaki moja.

Moyoni Nungunungu alitaka sana aende peke yake, aifute aibu. Kisha akamwona Digidigi alivyokonda, mbavu zinahesabika. Akainama. "Chiriku, panda mgongoni. Angalia usichomwe."

Wakafika. "Nyumba hii haina binti," akasema mzee. Chiriku akabembeleza, watu wakacheka. Mzee akakunja uso.

"Sikilizeni. Binti yetu hatoki bila bibi yake. Bibi hatoki pasipo chumvi ya kulamba. Na chumvi ya mlima huu haishuki bondeni. Mwamtaka bado?"

Chiriku akafungua mdomo. "Naa..."

"Nyamaza kwanza," Nungunungu akamnong'oneza. Akapapasa mwiba mmoja, akapapasa wa pili, akapapasa wa tatu. "Hakusema bibi anataka chumvi ya wapi. Bondeni tuna mwamba mzima wa chumvi. Chumvi ikiwapo, bibi atakuja. Bibi akija, binti atakuja. Haya, mwambie, lakini kwa utamu wako."

Chiriku akasema, "Baba, bibi ametayarishiwa mwamba wa chumvi, na tumeona haya kuulamba kabla yake."

Bibi mwenyewe akatokea uani, fimbo mkononi. "Mwanangu, unangoja nini? Mimi nimeshafunga mzigo."

Ikawa harusi. Ngoma ililia siku saba, na Digidigi akala majani mpaka akavimbiwa. Nungunungu alicheza kwa furaha, watu wakimpisha kwa hofu ya miiba.

Bibi akawaita washenga. "Nani kati yenu anajua lugha yetu?"

Nungunungu akamwonyesha Chiriku. Chiriku, papo hapo, akamwonyesha Nungunungu.

Funzo, wanangu: kuna ajuaye kwa kanuni na kuna ajuaye kwa mazoea, na kila mmoja peke yake ni nusu. Mkono mmoja haulei mwana.

Hadithi yangu imeaga, imevaa viatu, imekwenda zake. Ukikutana nayo njiani, ipeleke kwenu.