Bi Kanga Aenda Kupalia Moto

Paukwa!

— Pakawa.

Mnaitika kama mna homa. Paukwa!

— Pakawaaa!

Haya. Kombo, usichokore moto wangu. Hapo zamani za kale, zama za moto wa kuomba, si huu wenu wa kiberiti, kanga walikaa bondeni na nungu wakakaa mlimani. Jiko la mtu likizimika, alichukua kigae akaenda kupalia moto kwa jirani. Na aliyekuja kupalia moto haulizwi neno, wala hanyimwi. Siku zile zilikuwa tamu, wanangu. Nazitamani hata leo. Ulikwenda kwa kaa moja, ukarudi na habari za mji mzima.

— Walisengenyana, Bibi?

Walisengenyana, Mkasi. Ndiyo raha yenyewe.

Basi vikaja vita. Walianza kugombea shamba la mihogo, wakaishia kuuana. Bi Kanga akafiwa na mume. Mzee Nungu akazika mwanawe. Moto ukazimika bondeni, ukazimika na mlimani.

Akaja Ndovu kutoka nchi ya mbali, na magunia ya mtama na askari wake. Msimcheke Ndovu. Alikuwa na huruma ya kweli, na bila yeye vifaranga wa Bi Kanga wangekufa njaa. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini Bi Kanga aliposhika jembe, Ndovu akasema, "Kaeni, kaeni, mimi nipo." Bi Kanga akaketi. Shamba likaota magugu.

Kisha Ndovu akaitazama njia ya mlimani. "Vita vitapita hapa," akasema, akawasimamisha askari katikati. Kweli, vita havikupita. Kigae nacho hakikupita. Siku moja Mzee Nungu aliteremka kwenda kumpa pole Bi Kanga, akaambiwa, "Kaeni, kaeni..."

— "Mimi nipo!"

Mmeshaujua wimbo. Mzee wa watu akarudi. Njia ikaota nyasi.

Hata moto, askari wa Ndovu ndio waliozunguka kila asubuhi kuwasha majiko, bondeni na mlimani. Vifaranga walioanguliwa wakati huo hawakuwahi kumwona nungu. Waliambiwa tu kwamba ana miba.

Ikaja habari kwamba kwao Ndovu kumeingia ukame. Akafunga mizigo, akaondoka na askari wake wote. Masika hayakumngoja afike mbali. Mvua ikanyesha, maji yakaingia kila jiko la bondeni. Kifaranga mdogo kuliko wote, Kitutu, akalowa, akaanza kutetemeka.

Bi Kanga akachukua kigae. Wenzake wakamzuia mlangoni. "Usiende. Waliomuua mumeo ndio wanaokaa kule, na askari hawapo tena."

Bi Kanga akamtazama Kitutu. Alikuwa ameacha kutetemeka. Na kifaranga aliyelowa akiacha kutetemeka, wanangu, hiyo si dalili njema. Bi Kanga akatoka.

Njia haikuonekana. Aliitafuta kwa miguu, na miguu ilikuwa bado inaikumbuka. Mzee Nungu akasikia nyasi zikitikisika, akasimamisha miba yote.

"Nani?"

"Nimekuja kupalia moto."

Miba haikushuka.

— Akamchoma?

Ngoja, Kombo. Mzee Nungu alikuwa na hofu kuliko yeye. Miba ilikuwa ikigongana. Kisha ikalala, mmoja mmoja.

"Lete kigae," akasema.

Akamtilia makaa, akayafunika na majivu, akakata jani la mgomba la kukinga mvua. "Njia imeziba. Nitakutangulia."

Walipofika, vifaranga waliiona ile miba wakakimbilia uvunguni. Moto ukawashwa. Kitutu akakaa karibu nao mpaka akaanza tena kutetemeka, halafu akaomba chakula. Bi Kanga akalia.

"Pole kwa mwanao," akasema.

"Pole kwa mumeo," akasema Mzee Nungu.

Maneno hayo yalikuwa yamekaa vifuani siku zote, yamekosa pa kupita.

Baada ya mavuno Ndovu akarudi. Akaikuta njia nyeupe, imekanyagwa, na shamba la mihogo linalimwa na pande zote mbili. Akawaita askari wake wasimame mahali pao pa zamani.

"Karibu sana," akasema Bi Kanga. "Wema wako hatujausahau. Mbegu tutapokea, na askari tunawataka, maana chui anayetuwinda sote bado yupo. Lakini wakae kule anakotokea chui. Wasikae kati yetu."

Ndovu akatazama huku na huku. Magunia ameyabeba, na hana pa kuyatua. "Na mimi je?"

Bi Kanga akamtandikia mkeka. "Kaa, Bwana Ndovu, kaa. Sisi tupo."

Ndiyo hivyo, wajukuu zangu. Anayekusaidia baada ya vita akupe mbegu, akuzuilie chui. Njia ya kwa jirani uifyeke mwenyewe.

Hadithi yangu imeishia hapo. Aliyeipenda aibebe, aliyelala ataisikia kwa mwenzake. Mkasi, chukua kigae, umpelekee kaa hili Bi Raya, yule tuliyegombana naye juu ya mbuzi. Ana kiberiti, najua. Wewe mpelekee tu.