Hatua Ishirini za Mfereji

Taka hazina mwenyewe mpaka mvua inyeshe. Mfuko wangu uko begani na basi halingoji, lakini mmenisindikiza hadi hapa, na huyu Nakiete katupa karatasi ya biskuti mtaroni, nikasema hilo neno, sasa mnataka kujua limetoka wapi. Haya, tembeeni taratibu. Nilikuwepo lilipozaliwa, na nusu yake ilitoka kinywani mwangu. Si nusu nzuri.

Ilianza hivi. Nilikuwa kibarua katika kijiji kimoja cha milimani Upare, nimepewa chumba na Mzee Senzota. Yeye alikuwa mlinzi wa ndiva, lile bwawa la mawe na udongo ambalo watu wa kule huliziba jioni lijae, asubuhi wakalizibua maji yashuke mashambani. Maji yalifika ndivani kwa mfereji unaopita nyuma ya nyumba zote. Kila nyumba ilikuwa na hatua zake ishirini, na siku ya msaragambo, yaani kazi ya pamoja, ulisafisha zako. Senzota alipita na fimbo akikagua.

Zamani mferejini hamkuwa na kitu zaidi ya majani. Nyama ilifungwa kwa jani la mgomba, maganda walikula mbuzi, jivu lilimwagwa shambani. Kisha Kiangi akafungua duka, na kila kitu kikaja ndani ya plastiki: sukari ya robo, mafuta ya kupima, hata nepi za kutupa. Tukatupa nyuma ya nyumba, upepo ukasogeza mferejini. Msaragambo ukifika, tulizisukuma kwa jembe zivuke mpaka wetu, ziingie hatua za jirani. Jirani naye akazisukuma. Senzota akipita, kwetu kweupe. Mimi nilikuwa fundi wa kusukuma.

Nyumba ya mwisho, chini kabisa ya ndiva, ilikuwa ya Namkunda, mjane. Yeye na marehemu mumewe walijenga matuta ya mawe kwa miaka tisa, wakipandisha udongo kwa vikapu kutoka bondeni, ndipo tangawizi ikakubali. Hakuwa na shamba jingine. Kwake maganda yalikuwa na shimo lake, akapata mbolea. Chupa na makopo aliviosha akatunzia mbegu. Dukani alikwenda na kikapu chake cha ukindu. Wenzake walimwita Mama Makopo.

Msaragambo wa mwisho kabla ya masika alipanda hadi ndivani, akavuta kitu kwenye tundu la kutolea maji. Akasimama nacho, kinachuruzika.

"Nepi hii ya nani?"

"Muulize aliyeivaa!" Kiangi akasema. Watu wakacheka.

"Tundu limeziba. Na pale pa kumwagia maji ya ziada pameziba. Leo tusisukume. Kila mtu atoe zake, apande nazo kwake."

"Mama Makopo, unataka tulale na takataka?"

"Si mlizinunua nyie?"

Senzota akatazama fimbo yake. Alijua. Lakini alikwishapita akasema mfereji mzima ni safi, na mzee akisema hivyo mbele ya watu, kurudi nyuma kunamwia vigumu. Mimi, kwa kupenda kuchekesha, nikadakia.

"Shemeji, taka hazina mwenyewe."

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Namkunda akanitazama mimi tu.

"Hazina, mgeni," akasema. "Mpaka mvua inyeshe."

Akaanza kuzoa peke yake. Alijaza magunia mawili, na ndiva ikawa kama haijaguswa. Niliona. Nikaenda kunywa pombe.

Siku ya nne mvua ilishuka tangu adhuhuri. Maji yakajaa ndivani, yakakosa pa kutokea, ukingo ukapasuka. Namkunda na watoto wake walikuwa kanisani, ndiyo salama yao. Mvua ilipokatika tukateremka. Matuta hayakuwepo. Palipokuwa na tangawizi palibaki mwamba mtupu, na juu yake zimetandazwa taka zetu zote, zimeoshwa, kama bidhaa za mnadani.

Hapo kila mtu akatambua chake. Mifuko ya duka la Kiangi. Kandambili ya mjukuu wa Senzota. Na kopo langu la tumbaku, nililochora jina langu kwa msumari. Cha Namkunda hakikuwepo hata kimoja.

Hakutukana. Aliliokota kopo, akanipa.

"Chako, mgeni."

Namkunda alihamia kwa kaka yake kule Hedaru, akalima shamba la watu hadi alipofariki. Senzota aliacha ulinzi, na ndiva haikujengwa tena. Kiangi bado ana duka. Nasikia siku hizi kila nyumba kule ina shimo la maganda, na watu wanakwenda dukani na vikapu. Udongo wa Namkunda haukurudi. Mimi niliondoka wiki ileile bila kumuaga. Kopo ndilo hili.

Basi langu lile linakuja. Taka hazina mwenyewe mpaka mvua inyeshe.