Nguvu za Injini ya Bwana Shambe

Bwana Shambe wa Tanga alikuwa na boti kadhaa za abiria, moja yenye injini kubwa ya dizeli, imefungwa supachaja ya kuiongezea nguvu, na bado hakuridhika. Akamwita fundi wake Mize, mwanamke wa Kipemba mwenye maneno laini.

"Iongeze nguvu. Bahari ikichafuka wenzangu hupunguza mwendo. Mimi nataka kupasua mawimbi."

"Itapasuka boti kwanza, Bwana, na watu wamo ndani."

"Kama huwezi, kusanya spana zako uende."

Mize akauliza, "Nguvu hiyo, Bwana, unataka watu waisikie?"

"Waisikie mpaka Mkoani, kule Pemba!"

Mize akajifungia na injini kutwa nzima. Bahari ilipochafuka, Bwana Shambe alipanda na wageni wake, nahodha na Mize wakiwamo. Boti ikanguruma hadi meno ya watu yakagongana.

"Mnaisikia?" alipayuka kwa furaha.

Walifika salama, wala hakuna aliyetapika. Nahodha akamvuta Mize pembeni. "Umeongeza nini? Mbona tumekwenda polepole?"

"Mafuta yanayoingia kwenye injini nimeyapunguza. Nilichoongeza ni kelele tu, nimetoa sailensa inayozuia mlio."

Hapo Bwana Shambe akatokea, uso ukimng'aa. "Mize! Na zile boti zangu nyingine uzifanye hivi hivi!"