Yowe Lililozunguka Kilima cha Ngozi

Hapo zamani za kale, na wewe unayetafuna muwa huko nyuma nyamaza kwanza, wanyama walikuwa na kijiji chao, Kilima cha Ngozi, kimezungushiwa ua wa miiba. Walinzi walikuwa watatu, mapande ya watu: Nyati, Kifaru na Kiboko. Desturi yao ilikuwa moja. Anayeona mwizi apige yowe. Jirani akisikia ajibu, "Nimepokea!" kisha naye amfikishie wa pili.

Asubuhi moja Fisi akapenya penye tundu la ua.

"Uuuwiii! Mwizi!" Nyati akalia, akampa teke moja, pwaa! Fisi akatokea tundu lile lile, na hajarudi mpaka leo.

Yangeisha hapo. Lakini yowe lilishafika kwa Kifaru, Kifaru akampigia Kiboko, Kiboko akalipiga likamrudia Nyati.

"Lo! Mwizi mwingine!"

Wakatoka mbio wote, gudu! gudu! gudu! Nyumba ya Kanga, chali. Jiko la Kobe, unga. Yowe likazunguka tena. Na tena.

Kufika adhuhuri nyumba saba zilikuwa bapa, na ya nane njiani ilikuwa ya Sange, mnyama mdogo mwenye pua ndefu, hafiki hata kwenye goti la Nyati. Ndani mlikuwa na wanawe wawili, wachanga wa jana. Akasimama katikati ya njia.

"Mzee Nyati, mwizi kaondoka tangu asubuhi!"

"Mama, kalee watoto. Husikii yowe?"

"Ni lako mwenyewe, limezunguka!"

"Langu? Langu lina sauti ya Kiboko?"

Sange akaona huyu haambiliki. Akabeba mtungi mtupu, mbio hadi bwawani kwa Kiboko, ambaye kila baada ya mbio huzama kupoza mwili.

"Uuuwiii!" Kifaru akaita.

Kabla Kiboko hajaibuka, Sange akatumbukiza pua mtungini, sauti ikavuma kama ya Kiboko: "NIMEPOKEAAA!"

Kifaru akafunga mdomo. Nyati akatega masikio. Hakuna yowe. Akajitupa chini, puu! "Wezi wamekwisha!"

Mara Kiboko huyo anawafuata wenzake, anadondosha maji, Sange nyuma yake. "Jamani, mbona mimi sikuitwa?"

"Si umejibu?" Kifaru akashangaa.

"Nijibu nini, nami niko chini ya maji!"

"Nimejibu mimi," Sange akasema, mtungi kwapani.

"Wewe!" Nyati akanguruma. "Nitakukanyaga!"

"Kanyaga, si umeshazoea! Ila kwanza tazama nyayo kwenye nyumba ya Kanga. Tangu lini Fisi ana kwato?"

Nyati akatazama. Akaweka mguu wake juu ya unyayo mmoja. Ukaenea sawasawa.

"Na... na mwizi akija kweli?"

"Lia, nami nitalia nawe. Lakini yowe likikurudia wewe mwenyewe, nitalimeza, upende usipende!"

Nyati akaenda kukata nyasi za kumwezekea Kanga.

Hadithi imefika, watoto, na neno lake ni hili: mlinzi asiyejua kukoma hubomoa zaidi kuliko mwizi.