Ubao wa Maneno Saba

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Maana yake ni nyepesi: anayeuliza huonekana mjinga kwa dakika moja, asiyeuliza hubaki na ujinga wake mpaka kaburini. Methali hii tunawaambia watoto, kisha sisi wenyewe tunafunga midomo kama kopo la rangi iliyokauka.

Seremala mmoja aliufunga mdomo wake hivyo. Watu walimwita Profesa kwa sababu ya miwani iliyoning'inia kifuani mwake kwa kamba. Shule aliiacha darasa la tano. Siku ya posa, mama mkwe aliuliza swali moja tu: "Amesoma?" Naye akajibu, "Nimesoma, mama." Miaka kumi na tisa aliulinda uongo ule kama mboni ya jicho. Na sasa mama mkwe huyo, aliyestaafu kazi ya kupiga taipu barua za ofisi ya kodi, alikuwa akiishi nao chumba cha nyuma.

Barua ya kodi ilipokuja, ilikuwa kurasa mbili za Kiingereza kigumu. Profesa alielewa mambo mawili tu: siku thelathini, na tarakimu iliyozidi mapato yake ya miaka miwili. Mwezi uliopita jirani yake mchomeleaji alipata barua yenye nembo ileile, akaipuuza. Mashine yake ikaondoka juu ya lori. Profesa akaitazama mashine yake ya kuranda mbao. Hiyo ndiyo iliyolisha nyumba.

"Wanasemaje?" mkewe aliuliza.

"Mambo ya kawaida."

"Basi mpe mama aisome. Si ndiyo kazi aliyoifanya?"

"Mimi kipofu? Nimeisoma mwenyewe!"

Alinakili maneno saba yaliyomshinda kwenye ubao, kwa penseli ya kupimia. Kila mteja akamuuliza neno moja tu, ili asiwepo wa kujua siri nzima. Mwalimu wa jiografia alipokuja kuchukua meza, Profesa akamtegea "objection".

"Hilo ni la kisheria," mwalimu alisema. "Kwani wewe hulijui?"

"Nalijua. Nilikuwa nakupima."

"Basi hata mimi nalijua," mwalimu akasema, akabeba meza yake na kwenda zake.

Mwenye duka la dawa alisema "arrears" ni neno zito, akaishia hapo. Fundi rangi aliulizwa "distraint", akapunga brashi: "Hilo halina madhara, lala usingizi." Kumbe kila mmoja aliogopa kuumbuka. Siku ishirini na saba zikayeyuka, na Profesa alikuwa na misumari mikononi bila meza.

Siku hiyo mama mkwe aliingia karakana na kigoda chake kilichopasuka sehemu ya kukalia. Profesa akavuta ubao wa karibu ili akate kipande. Ulikuwa ule wa maneno. Msumeno ukasita. Akautazama ubao, akaitazama mashine, akavua miwani.

"Mama," alisema. "Mimi niliishia darasa la tano. Barua ile siielewi. Nisaidie."

"La tano nalijua."

"Unajua?"

"Tangu siku ya posa. Jirani zenu walinidokeza, lakini sikukuuliza umesoma mpaka wapi. Nilifungua kabati ulilomtengenezea binti yangu, mlango ukajifunga bila kugonga. Nikasema huyu anatosha. Lete barua, mwanangu."

Alivuta benchi, akaanza kumfafanulia kwa lugha ya mbao. "'Assessment' ni makadirio. Wameutazama mti wako kwa mbali, wakabahatisha utatoa mbao ngapi. 'Arrears' ni malimbikizo, kodi ya nyuma wanayodhani hukulipa. 'Objection' ni pingamizi: unawaambia njooni na futi mpime wenyewe. Na 'distraint' hii ni kukamata mali."

"Fundi rangi alisema haina madhara!"

"Kwake. Yeye atapoteza brashi."

Profesa alicheka mpaka machozi yakamtoka, na si yote yalikuwa ya kicheko. Waliketi wakaandika pingamizi, yeye akitaja kila kazi iliyokuwa kwenye daftari lake, mama mkwe akipanga maneno. Siku ya ishirini na tisa wakaipeleka pamoja.

Karani wa dirishani aliisoma, akaridhika. "Na 'waiver' utaiombea hapahapa, mzee."

Foleni nyuma ilikuwa ndefu. Profesa wa jana angetikisa kichwa kama mjuzi. Huyu alisema kwa sauti, "Neno hilo silijui. Maana yake nini?"

Karani aliinuka kitini. "Ni... ngoja nikaulize ndani."

"Afadhali umeuliza, baba," mwanamke mmoja kwenye foleni alinong'ona. "Mimi naambiwa hilo neno tangu mwaka jana, nikawa naitikia tu."

Karani alirudi akitabasamu: ni kuomba kusamehewa faini. Profesa akaomba, na yule mwanamke akaomba pia.

Baada ya wiki tatu makadirio yalifutwa. Alipangiwa kodi inayolingana na kazi zake, akailipa, na mashine ya kuranda ikaendelea kunguruma. Kigoda cha mama mkwe alikitengeneza kwa ubao uleule, maneno yote saba yakiwa chini ya kalio. Na kila alipoletewa karatasi asiyoielewa, alikwenda moja kwa moja chumba cha nyuma, akabisha hodi, kwani sasa alijua kwa hakika kwamba kuuliza si ujinga.