Fundi Aliyetibiwa Goti

Mtu mmoja alikuwa na cherehani, mke mjamzito, na ujumbe kwenye simu ambao hakutaka mtu mwingine auone. Aliitwa Filimoni Mgaya, fundi wa suti na kiongozi wa kwaya katika mji mmoja wa baridi kule Nyanda za Juu. Ujumbe ulitoka kwa mwanamke wa Iringa, alikokuwa akienda kununua vitambaa na ambako, safari moja, hakununua vitambaa tu. Ulikuwa mfupi: "Nimepimwa, nimekutwa na kaswende. Na wewe kapime. Usimfiche mkeo."

Filimoni aliufuta, lakini kichwani haukufutika. Hakuwa na kidonda wala homa. Ila mkewe, Skolastika, alikuwa na mimba ya miezi mitano, na Filimoni alishasikia redioni kaswende inavyomdhuru mtoto angali tumboni. Siku tatu alijifanya hana habari. Siku ya nne akavaa koti, akaenda kituo cha afya.

Pale kituoni mtu haingii kwa daktari kabla ya kupita dirishani kwa Bi Editruda, karani wa kumbukumbu. Kazi yake ilikuwa kumwuliza kila mtu kilichomleta, kukiandika kwenye karatasi, kisha kuweka pembeni namba ya jambo hilo. Kila jambo lilikuwa na namba yake: malaria, kuungua moto, kuumwa na mbwa. Karatasi ile ndiyo iliyomtangulia mgonjwa katika kila mlango.

Filimoni alikuwa amejiandaa kusema kweli. Njia nzima aliisema peke yake, mpaka mbuzi wa watu wakaacha kula wakamtazama. Lakini alipoinama dirishani akasikia kikohozi anachokijua. Akageuka. Nyuma yake kabisa alisimama Mama Nyagawa, mwimbaji wa sauti ya kwanza, ambaye habari ikimfikia asubuhi, saa sita imeshavuka mto.

"Kimekuleta nini, kaka?" akauliza Bi Editruda.

"Goti," akasema Filimoni.

Mwenyewe hakujua kwa nini goti. Labda kwa kuwa lilikuwa karibu. Bi Editruda alimtazama juu ya miwani, akaandika goti, akaweka namba ya goti.

Daktari akalibonyeza. Filimoni akawaza kwamba asipolia ataulizwa kilichomleta hasa, basi akalia. Alilia vizuri kupita kiasi. Akafungwa mabanzi mawili ya mbao na bendeji kutoka pajani hadi kwenye kifundo, akapewa magongo, akaambiwa asikanyage cherehani wiki tatu. Akarudi nyumbani na mguu mzima usiokunjika, na damu ambayo hakuna aliyeigusa.

Habari ilifika kabla ya magongo. Skolastika alilia, akachemsha maji, akamkanda vidole vya mguu, maana ndivyo pekee vilivyokuwa nje. Kwaya ikaja. Waliimba nyimbo mbili, kisha mzee wa kanisa, Mzee Lutengano, akaliombea goti la kushoto kwa kulitaja na kulikemea, akatoka jasho. Filimoni akaitikia amina. Bwana harusi aliyekuja kuchukua suti aliukuta mguu umenyooshwa na suti haina mikono, akaenda kufunga ndoa na koti la mjomba wake. Na kwa kuwa siku zile Filimoni hakuthubutu kumsogelea mkewe, Skolastika aliwasimulia majirani jinsi mume wake anavyovumilia maumivu bila kusumbua mtu.

Siku ya tisa Skolastika alipiga magoti, na tumbo lake lile, ili amvalishe soksi. Alihema. Filimoni akamtazama utosini, na moyo ukamshinda.

"Mama, goti langu halina kitu," akasema. "Nilikwenda nje ya ndoa, na mwenzangu amekutwa na kaswende."

Skolastika aliivua soksi iliyokuwa imeingia nusu, akaikunja, akaitia mfukoni. "Inuka twende," akasema. Filimoni akaomba kwanza afunguliwe mabanzi. Skolastika alikuwa ameshafika mlangoni. Akatembea hivyohivyo mpaka kituoni, mguu mmoja umekakamaa kama mti wa uzio, mwingine hauna soksi.

Foleni ilikuwa ndefu na watu walikuwa na masikio. Filimoni akasema yote dirishani, jasho likimtiririka, kisha akamsihi karani: "Dada, futa goti."

"Hapa hatufuti," akajibu Bi Editruda. "Nakuandikia upya, kwa tarehe ya leo." Akaandika, akaweka namba, akaigeuza karatasi ili fundi aisome. Filimoni alitarajia kuona jina la ugonjwa limeandikwa juu ya jina lake. Akasoma: *Amekutana na mwenye kaswende. Hajapimwa.*

"Ni hiyo tu?"

"Ndiyo uliyoniambia. Aliyeugua ana namba yake, aliyekutana na mgonjwa ana namba yake. Sikuandikii ugonjwa ambao hakuna aliyeuona."

Siku tisa alikuwa ameogopa neno ambalo hakuna aliyetaka kumwandikia.

Skolastika akasogeza kichwa dirishani. "Na mimi niandike hivyohivyo."

Wakapimwa. Filimoni alikutwa na ugonjwa, ungali mchanga. Damu ya Skolastika haikuonyesha kitu, lakini daktari alimtibu ili kumkinga mtoto, na mtoto alizaliwa mzima, analia kama tarumbeta. Filimoni alichomwa sindano makalio yote mawili, na yeye aliyekatazwa kukanyaga cherehani kwa goti lisilouma, sasa hakuweza kuikalia. Akashona mikono ya suti kwa sindano, amesimama. Ya nyumbani yalichukua muda kuliko ya damu: mpaka mtoto alipozaliwa Filimoni alilala chumba cha kushonea, na Skolastika hakuwasimulia majirani neno lolote juu ya uvumilivu wake.

Mwisho akasimama mbele ya kwaya akakiri kwamba goti halijawahi kuuma. Wengi walimsamehe. Aliyekasirika ni Mzee Lutengano, kwa kuwa alikuwa ameshatoa ushuhuda katika makanisa mawili jinsi lilivyopona.

Nanyi mnaonisikiliza, ni wangapi kati yetu tunaoombewa kila wiki kwa ugonjwa tusio nao?