Kamba ya Boti na Kishikio cha Waya

Wahenga waliposema mshika mbili moja humponyoka, walimwonya mtu mwenye tamaa kuwa atapoteza kimoja kati ya viwili anavyovikumbatia. Hawakumjua Kotekote. Wangemjua, wasingehangaika kutunga methali, wangemnyooshea kidole tu.

Kotekote alikuwa na miaka thelathini na mmoja, na huu ulikuwa mwaka wa nne akilala kwenye kochi la dada yake. Shemeji yake, mshona mapazia, hakumfukuza. Ila kila alfajiri alianza kushona karibu kabisa na sikio lake. Jambo hilo lilimuuma Kotekote, naye alitamani kazi itakayompa chumba chake mwenyewe.

Pembeni mwa mji palikuwa na bwawa lenye biashara mbili zisizosalimiana. Upande mmoja alikuwa Fundi Waya, aliyewahi kutengeneza lifti. Alisimamisha minara mitano na kuzungusha waya juu yake kwa mota ya umeme. Mchezaji alifungwa miguu kwenye ubao, akashika kishikio kilichoning'inia kwenye waya, akavutwa bwawa zima. Upande wa pili alikuwa Nahodha, mama mwenye sauti nzito, na boti iliyojazwa maji tumboni ili itoe wimbi nene nyuma yake. Mchezaji wake alivutwa kwa kamba mpaka asimame juu ya ubao, kisha aliiachia na kuteleza juu ya wimbi mikono mitupu.

Wote wawili walitafuta mwalimu, na wote waliahidi chumba. Kotekote aliwakubalia wote, kila mmoja kwa siri.

"Chagua mmoja," dada yake alimwambia. "Kwenye waya ukiachia umekwisha, kwenye boti usipoachia umekwisha. Mikono yako itajuaje iko wapi?"

"Mikono ni yangu, dada. Nitaiambia."

Kwa wiki tatu alifunzwa kuachia asubuhi na kutoachia jioni. Kama ilivyo ada ya mambo ya siri, majaribio yote mawili ya kazi yakaangukia siku moja.

Saa tatu alikuwa nyuma ya boti. Wimbi lilipojaa, Nahodha akamwambia aachie. Vidole vikagoma. Wimbi likamsukuma mbele na kamba yake mkononi, akapanda botini na ubao wake, akatua kwenye kapu la taulo za wateja.

"Mwalimu," Nahodha akasema, "nilikwambia uiachie kamba, sikukwambia uilete nyumbani."

Kotekote akazunguka bwawa mbio, akijiapiza njia nzima: nitaachia, nitaachia. Saa tano waya ukamvuta kutoka gatini. Alikwenda vizuri mpaka katikati ya bwawa. Hapo akajinyoosha, akatabasamu, akafungua vidole kwa madaha. Kishikio kikaendelea na safari, naye akazama taratibu, tabasamu likiwa la mwisho kuingia majini.

Kishikio kilipopita mbele ya gati, Fundi Waya alikitazama kwa makini. "Hiki kimefika," akasema. "Aliyekishika yuko wapi?"

Aliyemwopoa ni Nahodha, aliyekuwa akipita karibu kwa boti yake. Alimlaza gatini, miguu ingali imefungwa kwenye ubao, hata kukimbia hakuweza.

"Asante kwa kumwokoa mwalimu wangu," Fundi Waya akasema, yakiwa maneno yake ya kwanza kwa Nahodha baada ya miaka miwili.

"Wako? Huyu ameniahidi mimi tangu mwezi uliopita."

Wakatazamana, kisha wakamtazama aliyelala.

"Chumba changu usikiulizie," akasema Fundi Waya.

"Wala changu," akasema Nahodha. Wakaondoka pamoja, wakizungumza kama majirani wa siku nyingi.

Dada yake, aliyekuja kutazama majaribio, akaleta kanga, akamfunika. Kotekote alitokwa na machozi, na hayakuwa maji ya bwawa.

"Methali inasema moja, dada. Mbona zimeniponyoka zote?"

"Methali ilimsema mtu aliyeshika vizuri," dada akajibu, akiinama kumfungua miguu.

Naam, mshika mbili moja humponyoka, na asiyejua ipi ya kushika na ipi ya kuachia, zote humponyoka.